Kitambaa Kilichopauka Pande Mbili

Kwa nini kitambaa kilichofunika kizimba cha mbuzi kwa miaka miwili kilikuwa kimepauka juu na chini? Jua hupiga upande mmoja. Upande wa pili hukaa kivulini pamoja na mbuzi. Swali hilo niliuliza nikiwa na miaka ishirini na tatu na digrii ya kemia, mbele ya watu watatu waliokuwa wakila githeri, na hakuna aliyenijibu. Mmoja alicheka. Mmoja alisema labda ni pumzi ya mbuzi. Wa tatu aliendelea kutafuna akiangalia dirishani, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwajiri wangu, sikumwuliza mara ya pili.

Mwajiri huyo, Mama Shiro, tulimzika mwezi uliopita nje kidogo ya Kitengela, chini ya mahema aliyoyashona mwenyewe. Nilichelewa kufika, nikakaa safu ya nyuma, na mhubiri alipoanza kueleza jinsi marehemu alivyokuwa mpole (hakuwa mpole), nikajikuta nimeinama, nimeshika upindo wa hema na kuugeuza nione mshono wa ndani. Mistari miwili sambamba, hatua fupi, uzi umefungwa mwishoni kwa kurudi nyuma mara tatu. Mwanamke aliyekaa kando yangu alinipa kitambaa cha mkono, akidhani nalilia kwenye turubai. Nilikipokea. Halafu nikakiangalia. Pamba, na poliesta kidogo. Ugonjwa huu wa kugeuza kila kitambaa nione nyuma yake niliupata katika mwaka mmoja tu wa maisha yangu, na ndio ninaotaka kuueleza hapa, kwa sababu siku ile ya mazishi, kabla sahani za wali hazijakusanywa, hatimaye mtu alinijibu.

Karakana ya Mama Shiro ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hatua chache kutoka barabara ya Namanga. Ilikuwa chumba kimoja kirefu cha mawe chenye paa la mabati, na sakafu ya saruji iliyosuguliwa na maturubai hadi ikang'aa kama sahani. Trela zikipita kuelekea mpakani, sindano zilizokuwa kwenye kopo la maziwa ya unga zilicheza zenyewe. Katikati palikuwa na meza ya mbao ambayo watu wanne wangeweza kulala juu yake bila kugusana, na mwisho wa meza kulikuwa na cherehani mbili: moja ya kawaida, na nyingine kubwa nyeusi ambayo Mutua, fundi wetu, aliiita Trekta. Huko ndiko yalikotoka mahema ya harusi, ya mazishi na ya mikutano ya injili, vifuniko vya malori, na mapazia ya mabucha ya kuzuia vumbi. Nilifika pale baada ya kutuma barua nyingi za kuomba kazi hadi nikashuku kwamba hakuna anayezifungua. Mama Shiro alihitaji mtu wa kuandikia shule na makanisa barua za Kiingereza.

"Uko na digrii ya nini?" aliniuliza.

"Kemia."

"Hiyo ni ya kutengeneza sabuni?"

"Inaweza kuwa."

"Basi utaandika barua."

Barua zilikuwa chache na mchana ulikuwa mrefu, kwa hiyo niliuliza maswali. Kwa nini uzi huu na si ule? Kwa nini mnapitisha mshono mara mbili hapa na mara moja pale? Nani alisema? Mlijaribu kinyume chake? Wiki ya pili Mama Shiro aliweka sheria: swali moja kabla ya chai ya saa nne, moja baada yake, na Jumamosi hakuna, kwa sababu Jumamosi wateja huchukua mahema. Mutua alihesabu. Alikuwa Mkamba wa miaka hamsini hivi, mwenye vidole vifupi vinene ambavyo vingeweza kutunga uzi kwenye sindano bila yeye kuangalia. Nikifungua mdomo alinyanyua kidole kimoja. "Msomi, hilo ndilo la kwanza. Fikiria vizuri."

Ni Mutua aliyenifundisha kuchoma vitambaa. Muuzaji akileta turubai na kuapa kwamba ni pamba tupu, Mutua alivuta nyuzi mbili, akazishika kwa koleo na kuwasha kiberiti. Pamba iliwaka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Nailoni ilijikunja na kuyeyuka, ikaacha tone la rangi ya chai, na harufu yake ilinikumbusha mboga zilizochemshwa kupita kiasi. Poliesta ilitoa moshi mweusi na harufu tamu, kisha tone jeusi gumu ambalo huwezi kuliponda kwa kucha. Nilikuwa nimechora molekuli za vitu hivyo vyote kwenye mitihani na sikuwahi kujua harufu yake. Nilichoma kila kitu wiki ile: leso yangu, kamba ya kiatu, ukingo wa pazia la chumba nilichopanga, hadi mwenye nyumba akagonga mlango. Jambo lililonishika zaidi lilikuwa kwamba kila kitambaa kina namna yake ya kuzeeka. Turubai la pamba likilowa hunenepa na kuziba matundu ya sindano, ndiyo maana wazee walilipenda, lakini ukungu hulila, na linapokufa kila mtu anajua: linachanika kwenye mikunjo na kuning'inia kama matambara. Kuhusu poliesta Mutua alisema kwa kifupi, "Hii hukufa na kiburi." Nilidhani ni maneno tu.

Bawa lilikuja Januari, vumbi likiwa limepanda hadi kwenye chai. Lilikuja nyuma ya pikapu ya kuazima, ndani ya mfuko mrefu kama wa kubebea nguzo, pamoja na kijana mmoja mrefu aliyevaa kofia ya ofisi ya upimaji wa ardhi. Jina lake lilikuwa Lemayian. Alitoka Kajiado, alipima mashamba yanayogawanywa, na alisalimia kila mtu karakana nzima kabla ya kusema shida yake. Yeye na Mutua walifungua mfuko na kutandaza kitambaa mezani, kikajaa meza na kuanguka pande zote hadi sakafuni: pembetatu kubwa, nyeupe katikati, mistari ya rangi ya chungwa kwenye ncha.

"Hii ni hema ya nini?" Mutua akauliza.

"Si hema. Ni ndege."

Mutua alizunguka meza polepole. "Injini iko wapi?"

"Haina."

"Kiti?"

"Unaning'inia chini yake. Kwa tumbo."

"Kama popo."

"Popo wa mchana," Lemayian akasema, na hapo hata Mama Shiro aliinua macho kutoka kwenye simu yake.

Ilikuwa glaida ya kujifunzia. Mzungu mmoja aliyeishi karibu na Kajiado alimfundisha kuruka kwa misimu mitatu, na alipohama akamwachia. Mabomba ya fremu yalikuwa nyumbani, yamefungwa kwenye dari. Lemayian alizungumza juu ya kitambaa kile jinsi watu wa kwao wanavyozungumza juu ya ng'ombe mzuri, kwa kukishika. Alisema ni cha ukoo mmoja na matanga ya mashua za mashindano: poliesta, ile ile ya magauni ya mitumba, ila imefumwa kwa kubanwa sana, ikapitishwa kwenye joto ili nyuzi zisinyae na kubanana zaidi, kisha ikalowekwa kwenye gundi ngumu ili nyuzi zisitelezeane. Watu wa matanga huiita dakroni. Nilimwuliza kwa nini si nailoni, ambayo ni ngumu kuraruka kuliko hiyo. Mutua alinyanyua kidole. Lemayian alifurahi kuulizwa. Nailoni inavutika, alisema. Inafaa kwa miavuli ya kushukia na kwa matanga yanayotakiwa kujaa upepo kama gunia. Bawa halitakiwi kujaa. Linatakiwa kushika umbo, kwa sababu umbo ndilo linalokubeba. Akanipa ukingo mmoja nivute kufuata uzi: hakikusogea. Akaniambia nivute kwa mshazari: kilijongea kidogo kama mtu anayehema. "Ndiyo maana vipande vinakatwa hivi," akasema, akinionyesha jinsi kila kipande kilivyolazwa ili uzi ufuate mvuto wa upepo. Nilisahau kabisa barua za shule.

Shida yake ilikuwa matundu kumi na mawili. Alitaka viraka, na alivitaka haraka, kwa sababu alikuwa ametangazia ofisi nzima kwamba Jumamosi ya tatu ataruka kutoka kilima kilicho mbele ya mji, kabla mvua hazijaja. Wenzake walikuwa wamemwahidi mbuzi akishuka mzima.

"Na asiposhuka mzima?" Mutua akauliza.

"Mbuzi bado atachinjwa. Ni nyinyi mtakula."

Matundu yaliingiaje? Hapo Lemayian alikuna kichwa chini ya kofia. Alikuwa amepelekwa Loitokitok kupima mashamba ya umwagiliaji, miaka miwili. Aliacha kitambaa kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Aliporudi alikikuta juu ya kizimba cha vitoto vya mbuzi, kimefungwa kwa waya na kushikiliwa na matawi ya miiba. "Yeyo alisema paa lilikuwa likivuja," alituambia. Yeyo ni mama. "Aliona turubai nzuri imekaa bure."

Tulicheka wote. Githeri ilikuwa imeletwa, tukala tumesimama kuzunguka lile bawa, na kila mara mmoja wetu akitulia mwingine alisema "mbuzi wa daraja la kwanza" na tukaanza tena. Nilicheka kuliko wote. Halafu nikainua ukingo, kwa mazoea, nione nyuma, na hapo ndipo nilipouliza swali langu. Rangi ya chungwa ilikuwa imegeuka kuwa ya ganda la yai, juu. Na chini pia, vilevile. Mutua akacheka, Lemayian akataja pumzi ya mbuzi, na Mama Shiro akaendelea kutafuna.

Lemayian alipoondoka, Mutua alianza kukata viraka. Mama Shiro alimzuia. Mwanamke huyu hakuwahi kuchelewesha kazi ya mteja hata siku moja. Hata akiwa na homa aliwahi kushona hema la mazishi. "Wacha kwanza," akasema. Kisha akanigeukia. "Msomi, wewe unapenda kuuliza. Kiulize hicho kitambaa kama bado kiko hai."

"Kwa njia gani?"

"Ningejua ningekuita wewe?"

Nilikesha na swali hilo, na asubuhi nikaenda kwenye bucha ya jirani kuazima mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano na springi. Nilichukua sindano nene ya maturubai, nikaipitisha kwenye kitambaa, nikaifunga uzi wa nailoni, na uzi nikaufunga kwenye ndoano. Mutua alishika kitambaa, mimi nikavuta mizani na kusoma mshale. Kwanza tulijaribu kipande kipya cha poliesta kutoka rafuni: mshale ulipanda hadi sindano ikapinda. Kisha tulijaribu sehemu ya bawa iliyokuwa ndani ya mfuko wa mbele, ule unaopitisha bomba, ambayo jua halikuifikia: sindano ikapinda vilevile. Nilifurahi. Kisha tukahamia katikati, kwenye kitambaa kilichokuwa wazi, na mshale haukufika hata kilo moja. Sindano ilisafiri. Ilipita kwenye kitambaa kama kijiko kwenye mkate uliolowa chai, bila sauti. Mutua aliacha kushika.

"Rudia," Mama Shiro akasema kutoka mlangoni. Sikujua kuwa yupo.

Nilirudia hadi mahali pakawa tisa. Halafu Mutua alikwaruza mshono wa zamani kwa kucha, na uzi ukawa unga. Alisema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Nikishona kiraka hapa, kiraka kitabaki. Ni kitambaa kitatoka pembeni yake." Kwa macho lile bawa lilikuwa zima. Ungeweza kulipeleka harusini.

Sikuwa nimeridhika, kwa sababu bado sikujua kwa nini. Jua huvunja minyororo ya poliesta, hilo lilikuwa kwenye vitabu vyangu, lakini jua lingeanza juu. Upande wa chini uliuliwa na nini? Kwa siku mbili nilijenga nadharia, nayo ilikuwa nzuri. Mkojo wa mbuzi hutoa amonia. Amonia pamoja na joto na unyevu hushambulia poliesta. Kwa hiyo jua lilikula juu na mbuzi wakala chini. Niliandika kurasa tatu zenye michoro, nikamsomea Mama Shiro akiwa anakunja hema. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Ni nzuri," akasema. "Iweke."

Lemayian alirudi Alhamisi. Nilimwonyesha mizani, sindano, matundu tisa marefu niliyoyafanya. Aliniambia kwa adabu kubwa kwamba kitambaa kile kilimbeba mzungu wa kilo tisini, na kwamba hakuna aliyewahi kuruka akining'inia kwenye sindano.

"Uzito wako hautaning'inia kwenye kitambaa chote sawasawa," nilimwambia. "Utaanzia mahali pamoja, halafu..."

"Madam, wewe umewahi kuruka?"

"Hapana."

"Hata kwa ndege ya kawaida?"

"Hapana."

"Sawa." Alianza kukunja. "Kajiado kuna fundi wa viti vya magari. Yeye hana mizani."

Mutua alitazama chini. Mimi nilitaka kusema mambo kumi na sikuona hata moja ambalo mtu aliyewahi kuwa hewani angelisikiliza kutoka kwa mtu ambaye hajawahi. Pikapu ilipoondoka, Mama Shiro alikaa kwenye kiti cha Trekta, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia ila Mutua. Alikaa pale hadi chai ikapoa. Kisha akasema kesho tutapeleka hema la kanisa Kajiado, siku moja mapema, na kwamba mimi nitakwenda pia. "Utaenda kwa mama yake. Si kwa kijana, kwa mama. Umwambie mimi ndiye nimekutuma. Umwambie kitambaa kimekufa, lakini hakionyeshi. Maneno hayo hayo."

"Anakujua?"

"Hilo ni swali la tatu leo."

Ijumaa hiyo, baada ya kushusha hema, tulifika kwao Lemayian, upande wa pili wa soko la mifugo. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye sebule safi, makochi yaliyofunikwa kwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, redio ikizungumza Kimaa kwa sauti ndogo. Dirishani niliona kizimba cha mbuzi, na nikakikagua kama mtu wa kazi hiyo: mabati makuukuu yaliyoshika kutu, bila kiraka, bila tone la lami. Kando yake, uani, lile bawa lilikuwa limesimama kwenye fremu yake. Sikuwahi kuliona limesimama. Lilikuwa zuri sana, na viraka ishirini na kimoja vya kitambaa cha viti vya gari vilikaa juu yake kama nzi. Lemayian na wenzake wawili walikuwa wakikaza nyaya, mmoja akiuliza kama mbuzi wa kesho awe dume au jike.

Mama yake alikuwa akikata sukuma wiki. Nilimsalimia "Takwenya," akaitika "Iko," akaniwekea chai ya maziwa kabla ya kuniuliza mimi ni nani.

"Nimetumwa na Mama Shiro wa Kitengela," nilisema.

Kisu kikasimama. "Anasema nini?"

"Anasema kitambaa cha Lemayian kimekufa, lakini hakionyeshi."

"Hakionyeshi."

Nilidhani Kiswahili changu kimemshinda. Nikaanza upya, polepole, kwa mikono, kama unavyomweleza mtoto: hapa juu, kwa macho, ni kizuri. Hapa ndani, kwisha. Kikienda juu na mtu...

"Turubai ikikufa inaanguka," alinikatiza. "Inakuwa matambara. Mtu anaona."

"Hiyo ni ya pamba, mama. Hii si pamba. Hii inakufa ikiwa imesimama."

"Hakionyeshi," alisema tena, na safari hii hakuwa akiniambia mimi. Aliinuka. Kisu kilikuwa bado mkononi, na majani mawili ya sukuma yamekishikilia. Alitoka nje, akapita katikati ya wale vijana bila kumsalimu mtu, akashika ukingo wa bawa na kulipasua kutoka mbele hadi nyuma. Nilikuwa nimezoea sauti ya poliesta ikiraruliwa, ni kama mtu anapiga kelele. Hii ilitoa sauti ya gazeti. Alipasua mara ya pili na ya tatu. Lemayian alisema neno moja tu, "Yeyo," na mama yake akamjibu kwa Kimaa, maneno mengi, na hakuna aliyenitafsiria. Mutua alivua kofia kana kwamba tuko msibani. Kisha niliona Lemayian akiokota kipande kilichoanguka. Alikishika kwa vidole viwili vya kila mkono na kuvuta, bila nguvu. Kikaachana. Akaokota kingine. Kikaachana. Aliendelea hivyo, akiwa amechuchumaa, hadi mbele ya viatu vyake pakawa na rundo la vipande vya rangi ya ganda la yai, na wenzake wakaacha kuzungumza juu ya mbuzi.

"Wazee wakikasirika," Mutua alisema tuliporudi, tukipita Isinya, na hakumalizia. Mimi niliandika kwenye daftari langu: hasira, au aibu kwa sababu ya wale mbuzi. Nilipigia mstari neno aibu. Mama Shiro tulipomweleza alitwambia tufunge mlango, siku hiyo hakuna kazi tena, na ilikuwa saa tisa.

Lemayian hakutusemesha hadi Julai. Alikuja na kile kipande cha mfuko wa mbele, kilichokuwa bado hai, akaomba kishonwe kiwe mkoba wa vifaa vyake vya kupimia. Mama Shiro aliushona mwenyewe na hakumwachia Mutua hata mshono mmoja. Mwisho wa mwaka huo nilipata kazi katika maabara inayopima vitambaa na plastiki. Kwenye usaili waliniuliza kama nimewahi kuchunguza tatizo halisi, nami nikawasimulia habari ya bawa, jua, amonia, na mama mmoja wa Kajiado aliyeezeka mbuzi kwa ndege. Walicheka hadi mmoja akavua miwani. Nimeisimulia tangu wakati huo kwenye semina, kwenye harusi, kwa mtu niliyetaka kumvutia na nikamvutia. Ni hadithi yangu bora kuliko zote. Mimi ninayejivunia kutoamini jambo kabla ya kuligeuza upande wa pili, nilikuwa nimesimama sebuleni kwa mtu aliyejua jibu, nikanywa chai yake, na sikumwuliza kitu. Nilikuwa nimekwenda kumweleza.

Kwenye mazishi, Lemayian alikuja na mama yake, akimshika mkono. Lemayian sasa ana mvi kidogo na hupima mashamba kwa kurusha droni. Mama yake amepungua na anatembea na fimbo, lakini alinitambua kabla sijamtambua.

"Wewe ndiwe ule msichana wa kunieleza polepole," alisema, akaketi kando yangu.

Tulikula. Nilimsubiri amalize viazi. Kisha nikamwuliza, karibu miaka kumi na tano baadaye, mbona kitambaa kile kilipauka pande zote mbili.

Alicheka kidogo, akaelekeza kidevu kule kwenye kaburi. "Si nilimwuliza huyu. Nilikuja Kitengela kununua kifuniko cha nyasi, Lemayian akiwa Loitokitok. Nikamwuliza, mama, turubai inauliwa na nini, mvua? Akasema si mvua, ni jua, na inaanza na upande wa juu. Nikamwuliza, na mtu akitaka ife yote? Aliniangalia. Alisema, basi asiiache upande mmoja." Alifuta vidole. "Hakuniuliza ni ya nini. Lakini ilipofika kwake na hadithi ya mbuzi, akajua. Mimi nilitaka arudi apate matambara, alie siku moja, asiruke tena, yaishe. Sikujua iko turubai haionyeshi."

Kwa miaka miwili, kila mwezi ulipoandama, alipanda juu ya kizimba, akafungua waya, akakigeuza kile kitambaa, akakifunga tena. Paa la mabati lililokuwa chini yake halikuwahi kuvuja.